Safari ya Muuguzi Hadi Kitandani: Tiba Shufaa Mbeya na Iringa, na Nani Aigharamie

Juni ile baridi ya Tukuyu ilikuwa imekaza, na shangazi yangu alikuwa anaingia wiki ya tatu bila usingizi. Kansa ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshatoka ilikoanzia, imeshika mgongo na nyonga. Usiku tulimsikia akiuma kona ya blanketi ili asiwaamshe wajukuu. Tulikuwa tunampa panado, kwa sababu ndiyo dawa iliyokuwa dukani.

Alhamisi moja akaja muuguzi, mkoba begani. Akamwamkia, "Shikamoo mama," akaketi kitandani penye miguu ya mgonjwa. Wageni wengine walikuwa wanaishia mlangoni kwa sababu ya harufu. Akauliza maumivu yanaanzia wapi na yanaelekea wapi, yanachoma au yanakata, yanazidi usiku au mchana. Kisha akatoa chupa ya plastiki yenye mofini ya kunywa na bomba la sindano lisilo na sindano. Akamwonyesha binti wa shangazi mstari wa kuishia, akavuta dawa, akairudisha chupani, akampa binti avute mwenyewe. Akamrudisha mara tatu, mpaka mkono wa yule dada ukaacha kutetemeka. Kwenye daftari la shule akachora jedwali: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. "Usisubiri mama alie ndipo umpe," akasema. "Dawa itangulie."

Usiku ule shangazi alilala. Asubuhi aliomba chai.

Hakupona, alifariki wiki saba baadaye. Lakini ndani ya wiki hizo saba alipatana na shemeji yake juu ya migomba ya mpakani, akasema mjukuu yupi abaki na nani, akagawa kanga zake kwa mkono wake mwenyewe. Muuguzi alikuja mara tatu. Mara ya nne alipiga simu akiomba radhi: gari halikuwa na mafuta na fungu la safari lilikuwa limekwisha. Dawa ilikuwepo hospitalini, kilomita ishirini na kitu kutoka pale nyumbani. Binamu yangu alipanda bodaboda akaifuata.

Nimeanza na habari hiyo kwa kuwa imebeba mambo mawili ninayotaka familia za Nyanda za Juu Kusini ziyajue. La kwanza, mgonjwa asiyeweza kupona bado anaweza kutibiwa, tena kwa dawa isiyo ya bei kubwa. La pili, kinachokatika kwanza fedha zinapopungua ni safari ya muuguzi kumfikia mgonjwa nyumbani.

Tiba shufaa ni nini

Wataalamu wetu wanaiita tiba shufaa, na wengine huduma shufaa. Neno lenyewe ni zuri. Shufaa ni utetezi, ni kumwombea mtu aliye taabuni asiachwe peke yake. Ndivyo huduma hii ilivyo: daktari akishasema ugonjwa huu hatutauondoa, anabaki mtu wa kusimama upande wa mgonjwa na kupigana na maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi, vidonda, hofu na hata madeni.

Neno hospisi nalo linasikika siku hizi, na wengi wakilisikia hufikiria jengo la kwenda kufia. Majengo ya namna hiyo yapo. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua St Christopher's Hospice jijini London, na kutoka pale likasambaa wazo kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini tu: kuna ya moyoni, ya kifamilia na ya kiroho, na ukitibu moja ukaacha mengine hujatibu. Afrika wazo hilo lilifika mapema, na huku kwetu likavaa sura nyingine. Wagonjwa wetu wengi wanataka kuwa nyumbani, karibu na watoto na makaburi ya wazee wao. Kwa hiyo hospisi ya Afrika Mashariki mara nyingi ni timu ndogo inayotoka: muuguzi, daktari, mtu wa ustawi wa jamii, kiongozi wa dini na wahudumu wa kujitolea. Kitanda ni kile kile cha mgonjwa.

Huduma hii haisubiri siku za mwisho. Inafaa ianze mara tu ugonjwa mzito unapogundulika, hata mgonjwa akiwa bado anapata mionzi au dawa za kansa. Wala si ya kansa peke yake. Moyo uliochoka, figo zilizoshindwa, kiharusi, VVU vilivyofika mbali, selimundu, mtoto aliyezaliwa na ugonjwa usiotibika: wote ni wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 56.8 wanahitaji huduma hii na ni kama asilimia 14 tu wanaoipata. Wengi wa wanaoikosa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa nini huku kwetu hasa

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kupata kansa ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye navyo. Unganisha hayo mawili utaelewa kwa nini kina mama wa ukanda huu wanaugua hivi. Chanjo ya kirusi kinacholeta kansa hiyo ilianza kutolewa kwa wasichana nchini mwaka 2018 na itawaokoa mabinti zetu, lakini mama zao wameshapita umri huo. Nchini kote wagonjwa wapya wa kansa wanazidi 40,000 kila mwaka, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Mbeya aliyehitaji mionzi alipanda basi hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, akiteremka Kitonga kwa maumivu ya kila kona.

Kuuguza nyumbani hatukufundishwa na wageni. Mwaka 1991, UKIMWI ulipokuwa hauna dawa hapa nchini, watu wa Mbeya walianzisha KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Walikwenda nyumba kwa nyumba kuosha wagonjwa, kuwapikia na kukaa na watoto wao. Dawa za bure za kufubaza virusi zilikuja miaka mingi baadaye, mwaka 2004. Iringa mjini, Kituo cha Allamano cha Masista wa Consolata kimejulikana kwa kazi kama hiyo. Kwa hiyo tukisema tiba shufaa Nyanda za Juu, tunasema juu ya jambo lenye mizizi hapa hapa. Kilichoongezeka ni dawa nzuri ya maumivu na ujuzi wa kuitumia.

Jinsi ya kuipata

Usisubiri uambiwe. Daktari mwenye foleni ya watu mia anaweza kusema "mpeleke mama nyumbani mkampumzishe," akanyamaza. Hapo ndipo pa kuuliza: je, hospitali hii ina kitengo cha tiba shufaa? Kama haina, hospitali ipi ya karibu inayo? Tunaweza kupata mofini ya kunywa ya kwenda nayo nyumbani? Tumpigie nani usiku hali ikibadilika?

Kwa Mbeya, pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na kwa Iringa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ukiwa mbali nazo, uliza hospitali ya wilaya au hospitali ya kanisa iliyo jirani: za Kilutheri (KKKT) na za Katoliki ndizo zilizotangulia katika kazi hii vijijini. Ukishindwa kabisa, anza na zahanati ya kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Anayepita kwenye kitongoji chako ndiye wa kwanza kupaswa kujua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu haamki.

Beba karatasi zote: kadi ya hospitali, majibu ya kinyama, barua ya rufaa, majina ya dawa anazotumia pamoja na za kienyeji. Usizifiche za kienyeji; muuguzi haulizi ili akuseme, anauliza ili dawa zisigombane tumboni.

Juu ya malipo, kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawataja wagonjwa wa magonjwa sugu kama kansa, UKIMWI na kifua kikuu, pamoja na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kuwa wanastahili msamaha wa gharama. Msamaha hauji wenyewe. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla hujauza shamba. Chukua barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya. Nimeona watu wakiuza ng'ombe wa mwisho siku mbili kabla ya kuelezwa kwamba ofisi hiyo ipo, nyuma ya jengo, mlango wa mwisho.

Mofini bila hofu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapokwama. Jina mofini limebeba sifa mbaya: dawa ya kulevya, dawa ya mwisho, dawa ya kummaliza mtu. Nimesikia mzee mmoja akimwambia mwanawe airudishe hospitali kwa kuwa "hawajakata tamaa bado."

Mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi haimuui mgonjwa, na ni nadra sana anayeinywa kwa maumivu ya kansa awe teja. Mwili unaweza kuizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla. Daktari huipunguza polepole ikiwa haihitajiki tena. Lakini mwili kuzoea dawa na mtu kuwa mtumwa wa dawa ni mambo mawili tofauti. Wapo wagonjwa wanaoinywa kwa miezi mingi huku wakienda kanisani na sokoni.

Kazi yake inafuata saa. Ile ya maji hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne, ndiyo maana shangazi aliandikiwa jedwali. Ukingoja maumivu yarudi, unaanza upya kila mara na mgonjwa anapoteza imani. Dozi ya kulala mara nyingi huongezwa ili apitishe usiku bila kuamshwa. Kiasi gani, na kuongeza lini, ni kazi ya aliyeiandika. Wewe kazi yako ni kuandika daftarini: ulimpa saa ngapi, na maumivu yalibaki kiasi gani. Wauguzi wengine hutumia vidole vya mkono: kidole kimoja maumivu kidogo, vitano hayavumiliki. Daftari hilo ndilo linalomwezesha daktari kurekebisha dozi hata kwa simu.

Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana na kusikia kichefuchefu. Kwa kawaida hupita. Usingizi mwingine ni deni la majuma ya kutolala. Kitakachobaki ni choo kigumu. Hicho hakipiti chenyewe, kwa hiyo mofini iandikwe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Usipoiona kwenye mfuko wa dawa, iulize. Uganda wauguzi wa hospisi wamezoea kufundisha familia kukausha mbegu za papai, kuzisaga na kumpa mgonjwa kidogo kwa kazi hiyo hiyo. Muulize muuguzi wako kabla ya kujaribu. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi hata haamshiki, au akipumua kwa shida na polepole mno, usimpe dozi inayofuata, piga simu. Chupa ikae juu, mbali na watoto, ikiwezekana ndani ya sanduku lenye kufuli. Mgonjwa akifariki, iliyobaki irudishwe hospitali. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria, haigawiwi kwa jirani anayeumwa mgongo.

Kwa miaka mingi mofini ya kunywa hapa nchini ilipatikana Ocean Road na sehemu chache sana, kisha ikaanza kusogezwa kwenye hospitali nyingine. Wenzetu wa Uganda walitembea haraka zaidi. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya unga inayochanganywa na maji, na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika wenyewe. Mgonjwa wa kijijini, ambaye aliye karibu naye ni muuguzi wa zahanati, ndiye anayefaidika na uamuzi wa namna hiyo. Natamani wabunge wetu wangekwenda Kampala kuuona.

Mambo ya nyumbani

Mgeuze mgonjwa asiyeweza kujigeuza kila baada ya saa mbili, ukitazama kisigino, nyonga na chini ya mgongo. Ngozi ikianza kuwa nyekundu au kuiva, hapo panakaribia kuwa kidonda. Shuka likunjuliwe lisiwe na mikunjo. Baridi ya Mbeya na Mufindi huwafanya watu wamfunike mgonjwa blanketi tatu. Mbili nyepesi zinatosha, zito linamkandamiza.

Kidonda chenye harufu ndicho kinachowafukuza ndugu, na mgonjwa anajua kwa nini wamepungua. Chemsha maji, tia chumvi kidogo, yaache yapoe, osha kwa upole kila siku. Muuguzi anaweza kukuonyesha jinsi ya kunyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa. Harufu hupungua kwa siku chache. Hili ni jambo dogo kwa bei na kubwa kwa heshima. Nilimwona dada mmoja akirudi kukaa kitandani kwa mama yake baada ya siku nne za unga huo, wala hakuna aliyemwambia arudi.

Chakula kisigeuke vita. Mwili unaofunga safari unakataa chakula, na kumlazimisha ni kumtesa. Vijiko viwili vya parachichi lililopondwa, mtindi, uji mwepesi wa ulezi, ndizi mbivu, kwa muda anaotaka yeye. Siku za mwisho, lowanisha midomo kwa kitambaa safi na maji. Akikoroma kwa makohozi, mlaze ubavu. Endeleeni kuzungumza naye hata akiwa hajibu, kwa kuwa inaaminika masikio huwa ya mwisho kufunga. Msigombanie urithi juu ya kichwa chake.

Na kama ana neno la kusema juu ya mali na watoto, aliseme angali na akili timamu. Wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi huwaokoa wajane wengi na kunyang'anywa. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza wosia. Mofini isiwe kisingizio cha kusema hakuwa na akili. Dozi ikiwa sawa, akili yake ipo.

Anayeuguza naye ni mgonjwa wa pili. Kwa kawaida ni binti au mkwe, aliyeacha genge lake Mwanjelwa au shamba lake la nyanya Ilula. Mpokeeni usiku mmoja kwa wiki alale. Hii haihitaji mfadhili.

Fedha zinakwama wapi

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Piga hesabu ya tiba shufaa: mshahara wa muuguzi, mafuta ya gari au pikipiki, vocha ya simu, glavu, bandeji, dawa. Hakuna mashine ndani yake. Ni huduma ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu kinachofanyika hospitalini, na inaiepushia familia safari za bure na kulazwa kusiko na faida. Kwa nini basi inayumba?

Inayumba kwa sababu tuliijenga juu ya mfuko wa mtu mwingine. Katikati ya miaka ya 2000, fedha za mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ziliwezesha hospitali kadhaa za KKKT kuunda timu za tiba shufaa, kwa mfano uliokuwa umeanzia hospitali ya Selian, Arusha. Huku kwetu Ilembula, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, ilikuwa miongoni mwao. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ruzuku ile ilikwisha. Wauguzi waliofundishwa walibaki, ujuzi ukabaki, lakini magari yakaegeshwa na ziara zikapungua. Kisha ikaja Januari 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Ukanda wetu, ambao kazi yake ya VVU majumbani ilitegemea fedha hizo kwa miaka mingi, ulitikisika kuliko mingi.

Wafadhili siwalaumu. Walilipa kwa miaka mingi kile ambacho sisi hatukukiandikia bajeti. Tatizo ni kwamba safari ya muuguzi haina mlango wa kuingilia kwenye mfumo wetu wa malipo. Bima imezoea kulipia kinachofanyika hospitalini: kumwona daktari, kipimo, kitanda, dawa. Muuguzi aliyekaa saa nzima kitandani kwa mgonjwa huko Pawaga au Chunya amefanya kazi kubwa, lakini hana fomu inayomtambua. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha mafao kinapoandaliwa na kupitiwa upya, ziara ya tiba shufaa nyumbani na mofini ya kunywa viandikwe kwa majina yake. Visipoandikwa, hakuna atakayelipa.

Tusidhani nchi tajiri zimemaliza tatizo hili. Huko Uingereza, lilikozaliwa wazo la hospisi, serikali hulipa karibu theluthi moja tu ya gharama za hospisi za watu wazima. Nyingine hutoka kwa wananchi wanaochangia, kukimbia mbio za hisani na kuuza nguo kuukuu kwenye maduka ya hisani. Mfano unaotufaa zaidi uko Kerala, India. Kule, tangu miaka ya 1990, majirani walianza kuchangia vijisenti kila mwezi, wakafundishwa kutembelea wagonjwa, na wakaajiri wauguzi wao wenyewe. Serikali ya jimbo ilifuata nyuma yao mwaka 2008 kwa kutunga sera. Wananchi walitangulia, serikali ikafuata. Na Kerala si tajiri kama London.

Nasi uwezo wa kuchanga tunao, ila tunauchelewesha. Rungwe na Kyela msiba una ng'ombe. Iringa msiba una magari ya kukodi na daftari la rambirambi linalosomwa hadharani. Katika wiki moja ya maziko ya shangazi zilitumika fedha ambazo zingempeleka muuguzi kwa wagonjwa wa kata nzima kwa miezi. Sisemi tuache kuzikana vizuri. Mila hiyo inatushikilia. Nasema sehemu ya mchango itangulie. Jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki, usharika wa Kilutheri au wa Moravian, msikiti, VICOBA ya kina mama: kila kimoja kinaweza kutenga kiasi cha kila mwezi cha lita za petroli kwa muuguzi wa zahanati, kwa daftari lililo wazi na risiti.

Halmashauri nazo zina njia. Kila mwaka huandaliwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na vituo vya afya na zahanati siku hizi hupokea fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja moja kwa moja kwenye akaunti zao. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi. Kamati hiyo inaweza kuomba, kwa kufuata mwongozo, fungu la kuwatembelea wagonjwa wasioweza kutoka. Niliwahi kuuliza wajumbe wa kamati moja kwa nini hawajawahi kuliomba. Walitazamana, kisha mama mmoja akasema: "Hatukujua kwamba linaombwa."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ujao unapoitishwa, nenda na maswali mawili. Muulize mganga mfawidhi ni wagonjwa wangapi wa kijiji hiki wako kitandani, na mara ya mwisho muuguzi aliwafikia lini. Kisha mwombe mwenyekiti wa kamati asome kwa sauti mwaka huu zimetengwa lita ngapi za mafuta kwa ajili yao. Ikisomwa sifuri, iandikwe kwenye muhtasari, na mkutano huo huo upendekeze kiasi.